Vitabu vya Mbio na Mtu Anayeanza

Waandishi wa vitabu vya mbio, wawe Wamarekani, Wajapani au Waingereza, aghalabu hufanana katika jambo moja: wameshika kalamu wakiwa wamekwisha kuwa wakimbiaji. Siku zao za kwanza, zile za kuhema na kushika kiuno kando ya barabara, wanazipitia kwa kurasa mbili tatu, kisha wanatuchukua haraka hadi Boston, New York na Athens. Msomaji anayeanza, ambaye hana hakika kama kesho ataamka tena, huachwa njiani pamoja na kichomi chake.

Mimi nimevisoma vitabu hivi nikiwa mtu wa namna hiyo. Nilianza kukimbia nikiwa na umri wa miaka 56, mwalimu wa sekondari mwenye tumbo, presha ya 160 kwa 100, na baba aliyefariki kwa kiharusi akiwa na miaka 61. Hesabu hiyo ya miaka mitano ilinikaa kichwani kuliko hesabu yoyote niliyopata kufundisha. Kwa hiyo sikusoma kwa kujiburudisha. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, mtu wa kawaida, aliyelemewa na mwili wake mwenyewe, anaweza kufikia mahali akakimbia kwa sababu anapenda, wala si kwa sababu anaogopa? Kitabu kitakachonijibu hilo nitakisifu. Kisichonijibu, hata kiwe kimeandikwa kwa ustadi wa namna gani, nitakisema.

Nilianza na kitabu chekundu cha James Fixx, The Complete Book of Running, kilichotoka Marekani mwaka 1977 na kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vikuukuu, kurasa zikinuka unyevu, lakini picha ya jaladani ilikuwa bado inang'aa: miguu miwili ya mwanamume katikati ya hatua, misuli imekaza kama kamba za jahazi. Ni miguu ya Fixx mwenyewe. Alianza kukimbia mwaka 1967 akiwa na miaka 35, mzito wa karibu kilo 100, mvutaji wa pakiti mbili za sigara kwa siku. Na baba yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 43 tu. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikakitazama kwa muda. Ilikuwa kana kwamba mtu wa ng'ambo amechungulia faili langu la hospitali.

Fixx anaandika kwa uchangamfu, na uchangamfu wake unaambukiza. Hajivuni. Anazungumza na msomaji kama jirani anayekuita uje uonje chakula alichopika. Kasoro yake ni kwamba ana imani ya mtu aliyeongoka juzi. Kila jema kwake linatoka katika mbio: uzito uliopungua, sigara zilizoachwa, akili iliyotulia, moyo wenye nguvu. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba amepewa dawa, tena dawa isiyokosea. Na tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, Fixx alianguka kando ya barabara katika jimbo la Vermont akiwa katika mbio zake za kila siku, akafa. Madaktari waliomchunguza walikuta mishipa ya moyo wake imeziba vibaya.

"Si ndiye huyo aliyekufa akikimbia?" mama watoto aliniuliza jioni moja, akikitazama kile chekundu mezani. Binti yetu alikuwa amemsimulia. "Sasa kitabu chake unakisoma cha nini, Baba Rehema?"

Swali hilo waliliuliza Wamarekani wengi pia, tena kwa kicheko, hasa wale waliokuwa wakitafuta sababu ya kubaki kitini. Dk. Kenneth Cooper, tabibu aliyewahamasisha watu kufanya mazoezi tangu miaka ya 1960, ilimbidi mwaka 1985 atoe kitabu kizima kinachogusa kifo hicho na namna ya kujihadhari. Majibu ya kitabibu yanaeleweka: mbio haziwezi kufuta urithi wa damu wala miaka ya moshi, na mtu wa umri wangu hana budi kupimwa moyo kabla ya kufunga kamba za viatu. Mimi nilipimwa. Lakini swali la mke wangu lilikuwa pia swali la uhakiki, ingawa yeye hakukusudia. Kitabu kinachouza mbio kama mkataba na mauti huporomoka siku mwandishi wake anapoporomoka. Fixx aliishi miaka tisa zaidi ya baba yake, na hakuna awezaye kuapa kwamba mbio ndizo zilizompa miaka hiyo. Lakini asubuhi za miaka 17 alizokimbia, na alizozipenda, hizo ni zake. Hakuna ripoti ya daktari inayoweza kumnyang'anya. Laiti angeandika zaidi juu ya asubuhi hizo na kidogo juu ya faida zake, kitabu chake kingemshinda huyo aliyecheka.

Nikiwa bado nakitafakari kitabu hicho niligundua kwamba hata lugha yangu mwenyewe ilikuwa dhidi yangu. Kwa Kiswahili anayekimbia anakimbia kitu. Mtu hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia mke. Mwizi hukimbia, na wanaomfuata hukimbia. Mzee mwenye mvi akionekana anakimbia alfajiri barabarani, watu hutazama kwanza nyuma yake. Watoto wa mtaani kwetu hawakuwa na haya: "Shikamoo babu! Nani anakukimbiza?" Niliwajibu marahaba nikaendelea, maana pumzi ya kueleza sikuwa nayo.

Kadhalika sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 tulifundishwa mbio kwa njia mbili, na zote mbili zilikuwa za amri. Moja ilikuwa adhabu: umechelewa, zunguka uwanja mara tatu. Nyingine ilikuwa mchakamchaka. Tulitoka alfajiri kwa mistari, miguu mitupu juu ya umande, mmoja anaongoza wimbo na wengine tunaitikia, na mwalimu pembeni na fimbo yake. Nasema bila kusita kwamba wengi wetu tuliapa moyoni kutokimbia tena tukishakuwa watu wazima, na kiapo hicho tumekitimiza kwa uaminifu mkubwa. Hata hivyo katika mchakamchaka kulikuwa na hekima ambayo hakuna aliyetueleza, na nitaifikia.

Kisha kuna hadithi tuliyosimuliwa darasani, ya John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anaijua. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeanza kushika, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa mtu wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Ni hadithi kubwa, na maneno aliyoyasema baadaye kuhusu nchi iliyomtuma yamekwenda duniani kote. Lakini angalia tulivyoitumia. Tumeigeuza kuwa funzo la kuvumilia maumivu, na tumelirudia funzo hilo mpaka mbio zenyewe zimekuwa jina lingine la maumivu. Ni nani kati yetu aliyesimuliwa darasani kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15? Mtu hafiki hapo kwa uvumilivu peke yake. Nathubutu kudhani kwamba kijana yule wa Mbulu aliyekimbia maelfu ya kilomita peke yake alikuwa akipata huko kitu alichokipenda. Hadithi yetu haina nafasi ya kitu hicho. Imehifadhi goti, ikamsahau mkimbiaji.

Baada ya Fixx, binti yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam kitabu cha Haruki Murakami, What I Talk About When I Talk About Running, kilichotoka Japani mwaka 2007 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Murakami ni mwandishi mkubwa kuliko Fixx, na hiki ni kitabu bora kuliko kile chekundu. Hana dawa ya kumuuzia mtu. Alikuwa na baa ya muziki wa jazi jijini Tokyo, akaiuza ili aandike riwaya. Akaona anaketi kutwa, ananenepa, na anavuta sigara sitini kwa siku. Basi mwaka 1982, akiwa na miaka 33, akaanza kukimbia. Mwaka uliofuata alikwenda Ugiriki akakimbia peke yake, katika jua la Julai, kutoka Athens hadi kijiji cha Marathon. Njia nzima alikuwa akiiota bia baridi, na alipoipata aliona haifikii ile aliyokuwa akiiwaza barabarani. Kwa mambo madogo ya namna hiyo namwamini. Mwandishi anayekiri kwamba bia ya mawazoni ilikuwa tamu kuliko ya kwenye glasi hawezi kukudanganya kuhusu magoti yake.

Namsifu pia kwa jinsi anavyousema uzee. Sehemu kubwa ya kitabu aliiandika mwaka 2005 na 2006, akiwa amekaribia miaka 60, na anaona muda wake wa marathoni unazidi kurefuka hata akijitahidi. Kule Cambridge, Marekani, wasichana wanafunzi wa Harvard wanampita mtoni mmoja baada ya mwingine, mikia ya nywele ikicheza mgongoni, naye anawatazama wakipotea mbele bila kinyongo. Ukurasa huo ni wa kusomwa na kila mtu aliyekaribia kustaafu. Tena anasema wazi, na hapa nilimpigia makofi, kwamba mbio si za kila mtu, na kwamba anawaonea huruma watoto wa shule wanaolazimishwa kukimbia masafa marefu. Nilitamani mwalimu wetu wa mchakamchaka angekisoma.

Lakini hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza. Mtu anayewahurumia hivyo watoto wa shule angetazamiwa kumhurumia na mtu mzima anayeanza. Hafanyi hivyo. Siku zake za mwanzo anazisimulia kwa ufupi: alikuwa hawezi, kisha akaweza. Wiki zile za katikati, ambazo kwangu ndizo zilizokuwa kila kitu, hazimo. Na jambo analojivunia kuliko yote ni kwamba katika mbio zake hakupata kutembea. Analithamini kiasi kwamba angependa hata kaburi lake lilitaje. Najua kuna tabasamu ndani ya maneno hayo. Lakini msomaji anayeanza haoni tabasamu. Anasoma kwamba kutembea ni aibu, na kesho yake, pumzi inapomwishia mbele ya duka la jirani, anatembea akiwa ameaibika, na keshokutwa haendi.

Na kitabu chenyewe kinashuhudia dhidi ya mwenyewe. Mwaka 1996 Murakami alikimbia kilomita 100 kandokando ya Ziwa Saroma, kaskazini mwa Japani, kwa saa 11 na dakika 42. Sura hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Baada ya nusu ya safari mwili wake ulikuwa unagoma kiungo kwa kiungo, naye akajiambia kwamba yeye si mtu, ni mashine. Hakutembea. Alifika. Na baada ya hapo, anatuambia mwenyewe kwa unyofu wake wa kawaida, hamu ya kukimbia ilimtoka, ikawa vigumu kurudi kama ilivyokuwa. Nilisoma sura hiyo mara mbili nikiutafuta mstari ambamo angeunganisha mambo hayo mawili, ile fahari na ule ukavu uliofuata. Sikuuona. Mwandishi mwenye jicho kali namna ile ameipita barabarani habari kubwa kuliko zote alizokusanya.

Maandishi yaliyonisaidia hayakuwa kitabu. Yalikuwa nusu ya karatasi. Jirani yangu, muuguzi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye mtaani tunamwita Sista, aliniandikia kwa mkono ratiba ya wiki tisa. Baadaye nilipata kujua asili yake: ilitungwa mwaka 1996 na kijana Mmarekani, Josh Clark, aliyetaka mama yake mzazi aanze kukimbia, na tangu hapo imezunguka dunia. Siku tatu kwa wiki, nusu saa au chini yake. Wiki ya kwanza, baada ya kutembea dakika tano, unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia mpaka dakika 20 ziishe. Hakuna methali, hakuna mashujaa, hakuna picha ya miguu. Tarakimu tupu.

Niliitazama kwa jicho la mwalimu wa lugha nikaona kwamba ni maandishi ya adabu sana. Ndani yake kutembea kumepangwa. Si kushindwa, ni sehemu ya sentensi, kama vile nafasi kati ya neno na neno. Aliyeitunga alikuwa na msomaji mmoja machoni pake, mwanamke wa makamo anayempenda, na upendo huo umo katika kila sekunde 90. Hilo Fixx hakulipata kwa milioni ya wasomaji.

Na mzizi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1962 kocha Bill Bowerman wa Oregon, huyu ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya viatu ya Nike, alimtembelea Arthur Lydiard kule New Zealand. Alikuwa na miaka 51 na alijihesabu kuwa na afya. Wakamchukua wakakimbie pamoja na watu wa kawaida wa Auckland, na kocha huyo wa mabingwa akaachwa nyuma na kundi. Aliyebaki naye na kumfariji alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mtu aliyekwisha kupatwa na maradhi ya moyo. Bowerman alirudi kwao akaanzisha mbio za pole kwa wananchi, na pamoja na daktari wa moyo, W. E. Harris, akaandika Jogging, iliyotoka kama kitabu mwaka 1967. Kanuni yake kuu ni kwamba ukikimbia uwe na uwezo wa kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile hekima ya mchakamchaka. Tulikuwa tunaimba! Mtu hawezi kuitikia wimbo huku amekata pumzi, kwa hiyo kundi zima, bila mtu kupima chochote, lilikwenda kwa mwendo ule ule ambao Bowerman aliufuata ng'ambo ya bahari. Wimbo ndio uliokuwa saa yetu. Tungeondolewa fimbo tukaachiwa wimbo, huenda kizazi chetu kingekuwa kinakimbia mpaka leo. Nafurahi kuona vijana wa siku hizi wameurudia bila fimbo: klabu zao za jogingi hupita Jumamosi alfajiri, fulana za rangi moja, wakiimba, na akina mama wanene wako katikati ya kundi bila wasiwasi.

Basi mimi na Sista tulianza. Kwa bahati njema Tanga ni mji wa tambarare, na barabara ya kwenda Bombo hadi Raskazone imefuata bahari, ina miti mikubwa na upepo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri unakutana na waendesha baiskeli na wavuvi tu. Viatu vyangu ni vya mtumba. Wiki ya kwanza sekunde 60 zilikuwa ndefu kuliko kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ugoko uliuma, na Sista akanieleza kwamba moyo na mapafu huzoea katika wiki chache lakini kano na mifupa huchukua miezi, ndiyo maana pumzi ikiruhusu miguu bado inakataa. Ratiba ina kasoro pia, nisiifiche: wiki ya tano inaruka ghafla, siku ya kwanza dakika tano mara tatu, siku ya pili dakika nane mara mbili, na siku ya tatu dakika 20 mfululizo. Nilipoiona nilisimama katikati ya barabara. "Mwalimu," Sista akaniambia, "hapa hakuna mtihani wa taifa. Tutairudia wiki ya nne mpaka ikuchoshe." Tukairudia mara nne. Wiki zangu tisa zilichukua miezi mitano.

Starehe haikuja kwa tangazo. Nilikuwa nimeitafuta katika vitabu kama kitu cha kufikiwa, kilele fulani, kile ambacho wakimbiaji wa Marekani wanakisimulia kama ulevi. Mimi sijakiona kilele hicho. Ilikuwa mwezi wa nne, asubuhi ya mawingu, bahari imetulia kama mafuta. Nilikuwa namsimulia Sista habari za mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliyeandika barua ya kuomba msamaha yenye methali saba, nyingine zikipingana. Nikafika kwenye methali ya sita. Sista akaanza kucheka, nikadhani anacheka methali.

"Mwalimu," akasema, "leo hujaniuliza saa."

Tulikuwa tumeipita hospitali ya Bombo zamani. Kisiwa cha Toten kilikuwa nyuma yetu. Nikanyamaza, nikasikiliza miguu yangu ikigonga lami, ta, ta, ta, kama miguu ya mtu mwingine asiye na haraka. Kisha nikamalizia methali ya saba.

Kitabu pekee ambamo nimeikuta hali hiyo imeandikwa ni cha mtu ambaye hakuwa anaandika juu ya afya hata kidogo. Ni hadithi ya Alan Sillitoe ya mwaka 1959, The Loneliness of the Long-Distance Runner, ambayo wengi wanaijua kwa filamu ya mwaka 1962. Msimuliaji ni Smith, kijana maskini aliyefungwa katika gereza la watoto kwa kuiba fedha za duka la mikate. Mkuu wa gereza anamtaka ashinde kombe, basi anamruhusu atoke peke yake alfajiri kufanya mazoezi. Ardhi imeganda kwa baridi, hakuna mtu, na Smith anakimbia huku mawazo yake yakizunguka popote yanapotaka. Siku ya mashindano anaongoza, anafika karibu na mwisho, anasimama. Anamwacha mwingine ashinde mbele ya macho ya mkuu wa gereza.

Wahakiki wameieleza hadithi hii kama habari ya matabaka na uasi, na hawajakosea. Mimi naisoma kwa upande wa alfajiri. Kwa nini mfungwa, mwenye njaa, katika baridi ile, ana furaha? Kwa sababu katika saa hizo mbio si za mtu. Si za gereza, si za kombe, hata si za afya yake. Mkuu anapozidai, Smith anazirudisha kwa kusimama. Sillitoe hakumpa kijana wake faida yoyote ya kukimbia: hapati msamaha, hapati zawadi, anarudi kubeba mapipa ya taka. Na bado msomaji anafunga kitabu akitamani kutoka nje. Fixx, kwa hoja zake zote, hakunitoa nje namna hiyo. Wala Murakami, ambaye mbio zake daima zina mwenyewe, na mwenyewe ni riwaya anayotaka kuiandika. Anakimbia ili aweze kuketi na kufanya kazi. Ni jambo la heshima, lakini ni kazi juu ya kazi.

Mtu atasema: na presha je? Presha sasa ni 140 kwa 90, na vidonge bado nameza kila jioni. Nina miaka 58. Daktari ameridhika kidogo, mke wangu ameridhika kidogo zaidi. Ile hesabu ya miaka 61 bado naijua, ila sikimbii nayo. Ikija barabarani naongea mambo mengine.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu, mtu mzito wa hesabu, aliniomba kitabu cha kumwanzisha. Alikuwa ameona mwezi Septemba 2025 jinsi Alphonce Simbu alivyoshinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde tatu za mia, na damu ilikuwa imemchemka. Aliviona vitabu vyangu vitatu juu ya kabati, akakitaka kile chekundu kwa sababu ya miguu ya jaladani. Nilimnakilia ile nusu ya karatasi ya Sista, nikamwongezea Sillitoe, nikamwambia asome alfajiri tu. Kile chekundu nilimruhusu kwa sharti kwamba arudi kwangu kabla hajafika kwenye faida. Murakami nimemnyima mpaka baada ya Idi.